Mkato uliokatazwa: kesi ya madereva wa maziwa wa Maine

Ugomvi ulianzia kwenye ukurasa wa shukrani. Mwanafunzi mmoja alituletea tasnifu yake ya Kiingereza tuipitie kabla hajaikabidhi chuoni, na pale mwanzo alikuwa ameandika: “I thank my parents, the District Commissioner and the Imam.” Mzee wa ofisi yetu, ambaye sote tunamwita Mwalimu kwa sababu alishika chaki miaka mingi kabla hajashika kalamu nyekundu, akatia mkato kabla ya “and”. Binti wa meza ya pili akaufuta. Mwalimu akaurudisha.

“Mwanangu, huo mkato ukiutoa, kijana huyu anakuwa mtoto wa mkuu wa wilaya na imamu.”

“Samahani, Mwalimu, lakini nani atasoma hivyo? Na magazeti ya Uingereza hayauweki.”

“Magazeti! Kuna kampuni ya maziwa Marekani ililipa dola milioni tano kwa kukosa mkato huo huo.”

Binti akanyamaza. Ukitajiwa dola milioni 5 utajibu nini?

Habari hiyo nami nimeisikia mara nyingi, na kila mara hutumika kama fimbo ya kumchapia asiyeweka mkato wa mwisho katika orodha, ule unaoitwa mkato wa Oxford kwa sababu wachapaji wa Chuo Kikuu cha Oxford ndio walioushikilia wakati Waingereza wengi wameuacha. Safari hii nikaitafuta hukumu yenyewe nikaisoma mpaka mwisho. Ni kurasa 29, ya tarehe 13 Machi 2017, na aliyeiandika ni Jaji David Barron wa mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko Boston. Aliifungua kwa sentensi ya utani ambayo si kawaida ya majaji: “For want of a comma, we have this case.” Yaani mkato umekosekana, ndiyo maana tuko hapa. Sentensi hiyo ndiyo iliyobebwa na vyombo vya habari dunia nzima. Kurasa zilizofuata hazikubebwa na mtu, na kesi yenyewe imo humo.

Oakhurst Dairy ni kampuni ya maziwa ya Portland, mji wa jimbo la Maine, pembe ya kaskazini-mashariki kabisa ya Marekani. Imekuwepo tangu 1921. Mwaka 2014 madereva wake wachache, jina la Kevin O’Connor likiwa la kwanza kwenye hati, waliishtaki wakidai ovataimu ya miaka ya nyuma. Sheria ya Maine inasema mfanyakazi akivuka saa 40 kwa wiki, kila saa ya ziada ilipwe mara moja na nusu. Kwetu si jambo geni. Sheria ya ajira ya Tanzania ya 2004 nayo inataka mara moja na nusu, ila kwetu hesabu inaanza baada ya saa 45. Tuchukulie dereva analipwa dola 20 kwa saa na wiki hii amefanya kazi saa 50. Zile saa 10 za juu zina thamani ya dola 200 kwa kiwango cha kawaida, dola 300 kwa kiwango cha ovataimu. Dola 100 kwa wiki, zidisha kwa wiki za miaka minne, zidisha kwa madereva wote. Unaona fedha ilikotoka. Hizo ni saa za watu usukani, na mkato haukuzizalisha.

Sasa, sheria hiyo hiyo ina orodha ya kazi ambazo hazina haki ya ovataimu. Kifungu kimoja kinahusu chakula. Nitakinukuu kwa Kiingereza kwa sababu ugomvi wote umo ndani ya maneno yake: “The canning, processing, preserving, freezing, drying, marketing, storing, packing for shipment or distribution of”, kisha vinatajwa vitu vya aina tatu, yaani mazao ya kilimo, bidhaa za nyama na samaki, na vyakula vinavyoharibika upesi. Maziwa yamo katika hivyo vya mwisho.

Soma tena sehemu ya mkiani, polepole: “packing for shipment or distribution”. Je, “distribution”, yaani usambazaji, ni kazi ya tisa inayojitegemea katika orodha? Au imefungwa pamoja na “shipment” chini ya neno “packing”, kwa maana ya kufungasha bidhaa ili zisafirishwe au zisambazwe? Madereva wanasambaza. Hawafungashi. Kwa usomaji wa kwanza hawana ovataimu. Kwa usomaji wa pili wanayo, maana kazi iliyonyimwa ni ya kufungasha tu, iwe ni kwa safari gani.

Mkato mmoja baada ya “shipment” ungemaliza maneno, na hapa wasimuliaji wengi huteleza. Mkato huo ungewanyonga madereva. Ungeitenga “distribution” ikawa kazi yake yenyewe, na kampuni ingeshinda. Kukosekana kwake ndiko kulikowapa madereva mlango wa kuingilia mahakamani.

Kabla ya hoja za mawakili, nitaleta mfano wa jikoni, kwa sababu sentensi yenye umbo lile lile tunaisema kila siku. Mama anamtuma mtoto dukani: “Ukanunue nyanya, vitunguu, mafuta ya kukaangia samaki na kuku.” Mtoto arudi na kuku, au bila kuku? Ukiitamka, pumzi inaamua: mama akipumua baada ya “samaki”, kuku ananunuliwa. Ukiiandika kwenye karatasi bila mkato, kazi imebaki kwa mtoto. Mtoto mjanja ataangalia kama fedha aliyopewa inatosha kuku. Majaji nao, kama tutakavyoona, waliishia kufanya kitu cha namna hiyo hiyo.

Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na mawakili wa pande zote mbili waliamba vizuri. Kampuni ilikuwa na hoja tatu. Ya kwanza: katika Kiingereza, orodha hufungwa kwa “or” au “and” kabla ya kitu cha mwisho. Ikiwa “distribution” si kitu cha mwisho, basi cha mwisho ni “packing”, na kabla ya “packing” hakuna “or”. Orodha gani hiyo inayokatika bila kiunganishi? Rudi dukani: mama hakusema “vitunguu na mafuta”, alisema “vitunguu, mafuta”, kwa hiyo “na” pekee iliyomo ni ile ya kabla ya kuku, na kuku ndiye kitu cha mwisho. Hoja nzito, na kusema kweli nilipoisoma niliona madereva wamekwisha.

Ya pili: “shipment” na “distribution” ni maneno ya maana moja, na sheria hairudii neno bure. Kwa nini bunge liseme kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kwa ajili ya kusafirisha? Lazima “distribution” ina kazi nyingine.

Ya tatu nitaisema baadaye kidogo, kwa kuwa ndiyo tamu.

Madereva walijibu kwa sarufi ya maumbo. Hesabu maneno ya kazi katika kile kifungu: canning, processing, preserving, freezing, drying, marketing, storing, packing. Manane, na yote yanaishia na “-ing”. Ni vitenzi-jina. Kisha ghafla “shipment” na “distribution”, nomino mbili zisizovaa sare hiyo. Kanuni ya ulinganifu inataka vitu vya orodha moja vivae nguo moja. Mwandishi aliyevalisha kazi nane “-ing” kwa nini aiache ya tisa? Kama angetaka kusema kusambaza angesema “distributing”. Hakusema. Aliipa “distribution” umbo la “shipment” kwa sababu zinakaa pamoja, zote mbili zikitegemea “for”. Na kuhusu maana moja, wakasema hapana: “shipment” ni kumpa mtu wa nje akusafirishie mzigo, “distribution” ni muuzaji kuupeleka mwenyewe kwa magari yake. Hapo mawakili wao walijinyoosha kidogo, lakini hoja ya “-ing” ilikuwa imara. Binti wa meza ya pili nilipomwonyesha orodha hiyo aliigundua mwenyewe kabla sijamwambia.

Na mkato je? Madereva walisema: ona, hakuna mkato kabla ya “or”, ishara kwamba “shipment or distribution” ni fungu moja. Kampuni ikatoa hoja yake ya tatu. Jimbo la Maine lina mwongozo rasmi wa uandishi wa sheria, na mwongozo huo unasema wazi: usiweke mkato kati ya kitu cha mwisho na kile kinachokitangulia. Umepewa hata mfano: andika “trailers, semitrailers and pole trailers”, usitie mkato kabla ya “and”.

Kwa hiyo mkato uliokosekana haukusahauliwa na karani aliyechoka. Ulikatazwa. Mwandishi wa sheria angeuweka, angekuwa amevunja mwongozo wa mwajiri wake. Ukiwa unasoma maandishi ya mtu ambaye kanuni yake ni kutoweka mkato, huwezi kusema “ona, hakuweka mkato, kwa hiyo alimaanisha hivi”. Ni sawa na kumshangaa mfungaji kwamba mchana hakula.

Majaji walilikubali hilo nusu. Walisema mwongozo huo huo una onyo: angalia sana pale ambapo kitu kimoja katika orodha kina maneno ya kukifafanua, kwa sababu hapo maana huteleza, na unatoa mifano ya kuandika upya. “Packing for shipment” ni kitu chenye maneno ya kukifafanua. Kwa hiyo mwandishi alitii kanuni na kupuuza onyo. Hukumu inataja pia, pembeni, kwamba majimbo yenye miongozo isiyoutaka mkato huo au isiyoulazimisha ni 7 tu, Maine likiwa mojawapo.

Mahakama ya chini ilikuwa imesema kifungu kiko wazi na kampuni imeshinda. Mahakama ya rufaa ilipopima hoja moja baada ya nyingine haikukuta uwazi huo. Kiunganishi kinavuta upande wa kampuni, “-ing” inavuta upande wa madereva, mkato hauvuti kokote. Wakaangalia lengo la sheria. Kampuni ilisema lengo ni chakula kisioze, na maziwa yanaoza barabarani kama yanavyoozea ghalani. Madereva walisema lengo la sheria nzima ni mfanyakazi alipwe jasho lake. Hapo napo ngoma droo.

Mahakama ikigonga ukuta kwenye maneno, inaangalia nani abebe hasara ya utata. Katika sheria ya Maine jibu lipo tayari: sheria za mishahara na saa za kazi zisomwe kwa mkono mpana ili zitimize lengo lake la kumlinda mfanyakazi. Utata ukibaki, mfanyakazi ndiye anayefaidika nao. Madereva wakashinda rufaa kwa hilo. Kesi ikarudishwa chini iendelee.

Hili ndilo ninalotaka mtu anayeitaja kesi hii alijue, na ndilo nililomwambia Mwalimu asubuhi iliyofuata. Hakuna jaji aliyesema mkato wa Oxford ni sahihi. Hakuna aliyesema madereva wana sarufi bora kuliko kampuni. Mahakama ilisema sarufi imeshindwa kuamua, kisha ikaamua kwa kitu kingine kabisa. Ingekuwa sheria ya kodi, au mkataba kati ya kampuni mbili kubwa, au jimbo lenye kanuni ya kumlinda mwajiri, sentensi ile ile isiyo na mkato ingeweza kutoa hukumu ya kinyume. Fimbo ya Mwalimu, ukiitazama vizuri, haina upande.

“Kwa hiyo mkato hauna maana?” akaniuliza, uso umekunjwa.

Sikusema hivyo. Lakini binti alikuwa ameshapata nguvu. Akachukua karatasi akaandika: “I thank my mother, the headteacher, and the Imam.” Akamsogezea. “Mwalimu, hapa mkato wako upo. Watu wangapi wanashukuriwa?” Mzee akaangalia kwa muda mrefu. Kwa mkato huo, mama anaweza kuwa ndiye mwalimu mkuu, jina na cheo, kisha imamu. Watu wawili. Ukiutoa, wanakuwa watatu bila shida. Mkato unaoponya sentensi ya wazazi wengi unaitia ugonjwa sentensi ya mama mmoja. Mwalimu akacheka. Ni mtu wa haki, akishindwa hucheka.

Kwa sisi tunaofasiri, utamu wa kesi hii uko pengine. Nilijaribu kukifasiri kile kifungu, na ndipo nikaona kwamba mikononi mwa mfasiri wa Kiswahili kesi ingeweza kwisha kabla haijaanza, bila yeye kujua.

Jaribio la kwanza: “kuweka kwenye makopo, kusindika, kuhifadhi, kugandisha, kukausha, kutafutia soko, kuweka ghalani, kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza”. Ndivyo wengi wetu tungeandika, na inasikika vizuri. Lakini angalia kilichotokea. Kiingereza kilikuwa na nguo mbili, “-ing” kwa kazi nane na umbo jingine kwa zile mbili za mwisho. Kiswahili changu kimezivalisha zote “ku-”. Hoja kubwa ya madereva imeyeyuka. “Kusambaza” sasa inafanana na “kukausha” na “kusindika” kama ndugu wa tumbo moja. Kampuni inashukuru.

Jaribio la pili: “kufungasha kwa ajili ya usafirishaji au usambazaji”. Hapa nimezilinda zile nomino mbili, na utata wa Kiingereza umebaki kama ulivyo. Mfasiri mwaminifu angependa hii. Lakini Kiswahili kinadai deni lake: vitu vinavyosindikwa na kukaushwa tunavitaja moja kwa moja baada ya kitenzi, “kukausha mazao”, wakati “usambazaji” unataka kiunganishi, “usambazaji wa mazao”. Ile “wa” ikiingia inashika “usambazaji” peke yake na kuziacha kazi nane zikining’inia bila kitu cha kufanyia. Kiingereza kina “of” moja inayozihudumia zote. Sisi ni lazima tuipindue sentensi, tuanze na “kazi zifuatazo zinazohusu mazao, nyama, samaki”, ndipo tuorodheshe.

Jaribio la tatu: “kufungasha kwa ajili ya usafirishaji au kwa ajili ya usambazaji”. Maneno mawili tu yameongezeka, “kwa ajili”, na “ya” yake ya kujifunga. Madereva wameshinda bila wakili. Hakuna mkato, hakuna Oxford.

Kwa hiyo mfasiri anayekaa na kifungu hicho jioni, chai pembeni, anashika hukumu ya madereva na kampuni kwenye uchaguzi wa kiambishi. Tangu 2021, sheria ya Tanzania ilipobadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria, kazi ya kuzigeuza sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza miaka yote hiyo iko mezani kwa watu. Nadhani wanakutana na “packing for shipment or distribution” za kwao kila wiki. Na tofauti yao na majaji wa Boston ni kwamba jaji akiona utata anaruhusiwa kuutangaza. Mfasiri akiuona, mara nyingi lugha yake inamlazimisha achague upande kimya kimya.

Hili si la kubuni. Canada lilitokea. Mwaka 2006 kampuni mbili za mawasiliano, Rogers na Aliant, ziligombania mkataba wa kutumia nguzo. Mkataba ulikuwa wa miaka mitano, ukiendelea kwa vipindi vingine vya mitano mitano, halafu mkato, halafu maneno ya kuuvunja kwa taarifa ya mwaka mmoja. Je, unaweza kuvunjwa hata ndani ya miaka mitano ya kwanza? Tume ya mawasiliano ya nchi hiyo ilisoma mkato ule ikasema ndiyo. Rogers ikarudi na mkataba huo huo kwa Kifaransa, lugha rasmi ya pili, ambamo sentensi ilikuwa imejengwa bila mwanya huo, na mwaka 2007 tume ikageuza uamuzi. Mkato wa Kiingereza ulishindwa na Kifaransa. Mwalimu hakuipenda hadithi hiyo hata kidogo.

Turudi Maine. Baada ya hukumu ya rufaa kesi haikufika mwisho wa kusikilizwa. Pande mbili ziliafikiana. Februari 2018 ikajulikana kiasi: dola milioni 5. Waliostahili kudai walikuwa madereva 127. Watano walioongoza shauri walitengewa dola 50,000 kila mmoja, na wengine walipwe ovataimu waliyokosa kati ya Mei 2008 na Agosti 2012, asiyefikia kitu apate angalau dola 100. Ukigawa milioni 5 kwa watu 127 unapata chini ya dola 40,000 kwa kichwa, kabla mawakili hawajachukua chao. Fedha nzuri, ila ni malipo ya miaka minne ya kuamka alfajiri. Kichwa cha habari kinachosema mkato uligharimu dola milioni 5 kinamfanya msomaji adhani ilikuwa bahati nasibu.

Na bunge la Maine je, liliweka mkato uliokuwa unalilia kuwekwa? Hapana. Mwaka huo huo wa 2017 kifungu kiliandikwa upya hivi: “The canning; processing; preserving; freezing; drying; marketing; storing; packing for shipment; or distributing of”. Nukta-mkato kila mahali. Mwongozo unakataza mkato kabla ya “or”. Nukta-mkato haukatazi, basi akaingia kaka mkubwa kwa mlango wa mbele. Sijui kama kuna aliyecheka bungeni, lakini mimi nilicheka.

Kuna badiliko la pili katika sentensi hiyo ambalo macho hulipita. “Distribution” imekuwa “distributing”. Ile hoja ya “-ing” ya madereva, iliyowapa nusu ya ushindi, bunge liliichukua likaitumia kwa faida ya upande wa pili. Sasa kazi zote tisa zina sare moja, na ya tisa ni kusambaza. Kwa kifungu hicho kipya, dereva anayepeleka maziwa leo hana shaka yoyote kuhusu maana ya sentensi. Sentensi iko wazi kabisa, na inamnyima.

Nilipolisema hilo ofisini pakawa kimya. Binti akauliza kama madereva wale watano walijua walichokuwa wakikifungua. Hakuna aliyemjibu.

Tasnifu ilikuwa bado iko mezani. Tukakubaliana, kwa mara ya kwanza wiki hiyo, kubadilisha mpangilio: “I thank the District Commissioner, the Imam and my parents.” Weka mkato, usiuweke, hakuna anayezaliwa na mtu asiye mzazi wake. Mwalimu aliridhika, binti aliridhika, tukamtumia mwanafunzi.

Jioni akapiga simu. Shikamoo nyingi, ahsante nyingi, kisha akafika kwenye jambo lake. Alisema kila sahihisho amelikubali ila hilo la shukrani. Wazazi wake hawawezi kutajwa nyuma ya mkuu wa wilaya, baba yake ataisoma. Sasa zipo sentensi mbili, ya kwanza ya wazazi peke yao.